Je, Mpiga Kura Aweza Kuamua kwa Akili?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu, na kuchapwa hapa kwa idhini ya Halmashauri.)



Halmashauri ilituagiza tuseme juu ya jambo ambalo kwa muda wa miezi miwili limezungumzwa ofisini, penye chai, na njiani wakati wa kurudi nyumbani. Yaani, kama mpiga kura aweza kuamua mambo ya siasa kwa akili, au kama akili humwacha mlangoni pa chumba cha kupigia kura. Tulipoagizwa tulifurahi, kwa kuwa tulidhani jibu tunalo. Tulipokaa kuandika tukaona kwamba tulichokuwa nacho si jibu, ila ni majivuno. Basi twaomba mtuvumilie, maana hotuba hii ni ya mtu aliyebadili nia, na yampasa mtu wa namna hiyo aeleze sababu zake.

Ninyi nyote mwajua asili ya mazungumzo haya. Iko mezani hoja isemayo ya kwamba katika uchaguzi wa viongozi wa tawi, wenye haki ya kupiga kura wawe ni wale tu waliomaliza masomo ya sekondari. Na ya kwamba matarishi, madereva na wahudumu wabaki kuwa wanachama, walipe ada zao, wahudhurie mikutano, lakini wasipige kura. Sababu iliyotolewa ni kuwa watu hao hawapimi mambo, bali hufuata jamaa, au kabila, au mtu aliyewanunulia chai. Hatutaki kuficha neno, ndugu zetu. Hoja ile iliandikwa kwa mkono huu huu unaoshika karatasi hii.

Kwanza yafaa tujue neno akili twalitumia kwa maana gani, kwani mabishano mengi hutokana na watu kutaja neno moja huku kila mmoja ana maana yake. Wako wanaosema akili, nao wataka kusema elimu, yaani wingi wa mambo mtu aliyoyasoma. Wako wengine wanaosema akili, nao wataka kusema ufasaha, yaani uwezo wa kujenga maneno hata msikilizaji akose la kujibu. Lakini mtu aamuaye kwa akili ni yule ajuaye anatafuta nini, atazamaye dalili zilizopo, achaguaye njia iendayo huko anakotaka kufika, na aliye tayari kuiacha njia hiyo akiona dalili zimegeuka. Mambo haya manne hayafundishwi shuleni peke yake. Mama aendaye sokoni kununua mtama hajapata kusoma kitabu cha kilimo, lakini hutia punje chache kinywani, akazitafuna, akajua kama mtama ule ulianikwa au ulivunwa mbichi. Na karani aliye karibu naye, mwenye cheti chake ukutani, hununua gunia zima kwa sababu mwenye duka amemwita Mheshimiwa.

Sisi makarani twapenda kuona hesabu. Basi na tuitazame hesabu. Mwaka 1785 Mfaransa mmoja, Condorcet, mtu wa elimu ya hesabu, alitoa kitabu juu ya maamuzi ya watu wengi. Fikira yake twaweza kuieleza hivi. Tuseme wako watu watatu, na kila mmoja wao, akiulizwa jambo lenye jibu la kweli, hupata sawa mara 6 katika 10. Hawa si wenye hekima kubwa. Wamemzidi kidogo tu yule abahatishaye kwa kurusha senti. Sasa wapige kura, na neno la wengi lifuatwe. Katika mara 1,000, wote watatu watapata sawa mara 216. Tena wawili watapata sawa na mmoja atakosa mara 432. Jumlisheni: ni mara 648. Kila mmoja peke yake angepata 600 tu. Wakiwa watu watano, hesabu hufika 683 hivi. Na wakiwa 101, hupita 970. Watu wale wale, wenye akili ile ile ya kadiri, wakiwa wengi huikaribia kweli kuliko mtu mmoja aliye bora kuliko kila mmoja wao.

Walakini hesabu hii ina masharti mawili, na asiyeyataja humdanganya msikilizaji. Sharti la kwanza ni kwamba kila mmoja awe amemzidi yule mrusha senti, hata kama ni kwa kidogo. Kama kila mmoja hupata sawa mara 4 tu katika 10, basi wale watatu huangukia 352, na kadiri wanavyozidi kuwa wengi ndivyo wanavyozidi kupotea. Sharti la pili ni kwamba kila mmoja apime kwa nafsi yake. Wawili wakimtazama wa tatu usoni na kunyosha mkono anaponyosha yeye, hapo hapana kura tatu. Pana kura moja yenye mikono mitatu, na hesabu yarudi kuwa 600.

Sharti hili la pili ndilo lililotuchoma. Maana tulijiuliza: sisi tulio na vyeti, tusomao magazeti yale yale, tukaao meza moja na kucheka mzaha ule ule, je, tu watu mia, au tu mtu mmoja aliyerudiwa mara mia? Na yule dereva ashindaye njiani, na yule tarishi aingiaye kila chumba na kuona nani yupo kazini na nani hayupo, hawaoni mambo ambayo sisi hatuyaoni? Ukiwaondoa, hupunguzi makosa, waondoa macho.

Tutatoa mfano ambao wengi wenu mwaujua, ila hatutataja jina la mtu. Miaka michache iliyopita tulichagua mtunza fedha. Walisimama wawili. Mmoja alikuwa kijana mwenye elimu nzuri, msemaji hodari. Alitueleza mpango wake wa kuzizalisha fedha za tawi, nasi tukapiga makofi. Wa pili alikuwa tarishi wa makamo. Alisimama, akasema atazitunza fedha kama alivyozitunza za chai, kisha akaketi. Tulicheka. Mtu huyu kwa muda wa miaka tisa alikuwa akikusanya fedha za chai za ofisi nzima, na hakupata kupoteza hata shilingi moja; daftari lake lilikuwa la vijistari na vitone, lakini kila mwisho wa mwezi lilikuwa sawa. Makarani karibu wote tulimchagua yule msemaji. Matarishi, madereva na wahudumu karibu wote walimchagua mwenzao, nasi tukasema, "Mwaona? Hao hufuata ujamaa tu."

Mwajua yaliyofuata. Mwezi wa kumi na moja mwenzetu mmoja alifariki, na sanduku la fedha za maziko lilipofunguliwa, hesabu ya daftari na fedha zilizomo hazikupatana. Mjane alikuwa ameketi mkekani anangoja. Tukachangishana mifukoni mwetu usiku ule, na wa kwanza kutoa alikuwa yule tarishi. Basi tuulize sasa: katika uchaguzi ule, ni nani walioamua kwa akili? Wao walikuwa na dalili ya miaka tisa. Sisi tulikuwa na hotuba ya dakika kumi. Na ajabu iliyo kubwa zaidi ni hii, kwamba baada ya hasara ile tulisema ya kuwa uchaguzi umeharibika kwa sababu ya wajinga kuwa wengi, tukakaa kuandika hoja ya kuwaondoa. Wahenga walinena, akili nyingi huondoa maarifa.

Tumelifikiri sana jambo hili, kwa nini mtu aliyesoma hukosa namna hii. Twaona ni kwa sababu akili ya mtu yaweza kufanya kazi mbili. Yaweza kuwa hakimu, isikilize pande zote kisha ikate shauri. Au yaweza kuwa wakili, ilipwe na moyo ili itetee lile ambalo moyo umekwisha kulitaka. Asiyesoma naye ana wakili wake, lakini ni wakili mchanga; akikosea, kosa lake huonekana upesi. Msomi ana wakili hodari mno. Huweza kumtetea hata akajiona mwenye haki siku zote. Kwa hiyo elimu humzidishia mtu nguvu za kuona, na kadhalika humzidishia nguvu za kujificha kweli. Mpiga kura wa kuogopwa hasa ni yule asiyeweza kukumbuka siku yo yote ambayo dalili zilimfanya abadili nia, awe amesoma au hakusoma.

Sasa yuko atakayesema: hata kama mtu aweza kupima, ana faida gani kujisumbua, iwapo kura yake ni tone moja baharini? Neno hili lina uzito. Mwaka 1957 Mmarekani mmoja, Anthony Downs, aliandika juu yake. Alisema ya kwamba mtu akipiga hesabu ya taabu ya kutafuta habari, na akitazama jinsi ilivyo nadra kura yake kuamua jambo, ataona heri abaki hajui. Na ujinga huo si upumbavu, ni hesabu. Sisi twamjibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni kisa cha Pemba. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961 vilishindaniwa viti 22. Chama cha ASP kilipata 10, ZNP kilipata 9, na ZPPP kilipata 3. Kiti cha Chake Chake ASP walikipata kwa kura moja tu. Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda upande wa ZNP na mmoja upande wa ASP, pande zikawa 11 kwa 11, hapakuwa na wa kuunda Serikali, na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule. Mtu mmoja wa Chake Chake angebadili nia tu asubuhi ile, pande zingekuwa 10 kwa 12, na mambo ya visiwa vile yangeshika njia nyingine. Kura moja si kitu mpaka siku inapokuwa kila kitu, na siku hiyo haipigi hodi.

La pili, mpiga kura halazimiki kutafuta habari zote peke yake. Kila mtu amekwisha kulipia habari za kazi yake kwa jasho lake. Mwalimu ajua ya shule, mkulima ajua ya bei za mazao, mkunga ajua ya zahanati. Wakiulizana, taabu ya kila mmoja huwa ndogo. Kuuliza si ujinga. Ila waulizane kwa kupima, wasiwe wale watatu wenye mkono mmoja.

Tusiondoke Zanzibar bila kusema neno la kuogofya, maana hatupendi mjidanganye kwamba kura ni dawa ya kila ugonjwa. Uchaguzi ule wa Juni 1961 ulifuatwa na ghasia, na watu 68 wakauawa. Tena katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP walipata kura 54 hivi katika kila 100, lakini wakapata viti 13 tu katika 31, kwa kuwa wingi wa kura zao ulirundikana katika majimbo machache. Miezi sita baadaye, Januari 1964, yakaja mapinduzi. Basi mpiga kura aweza kupima vizuri, na bado mipaka ya majimbo ikaipunguza sauti yake. Matokeo yakiwa mabaya tusikimbilie kusema wapiga kura hawana akili. Kwanza tutazame kura zilihesabiwa kwa kanuni gani.

Bwana Mwenyekiti, sasa tumefika kwenye kisa kilichotufanya tuiogope hoja yetu wenyewe. Wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Martin Kayamba, walikuwa makarani na walimu hodari. Lakini hawakuwa na kura hata moja katika nchi yao. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanza mwaka 1926 halikuwa na Mwafrika. Waafrika wawili wa kwanza, nao machifu walioteuliwa, waliingia mwaka 1945. Kura ya kwanza ya kuchagua wajumbe wa Baraza katika nchi nzima ilipigwa Septemba 1958 na Februari 1959. Na Serikali ya wakati ule ilipotoa kura, iliitoa kwa masharti. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au awe amefika darasa la kumi na mbili, au awe na cheo kilichotajwa. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane, na walioandikishwa hawakufika 60,000.

Sababu yake ilikuwa ipi? Ilisemwa ya kwamba watu wengi hawajawa tayari, hawapimi mambo, watafuata kabila na maneno ya wachochezi. Ndugu zetu, isomeni hoja iliyo mezani, kisha yakumbukeni masharti yale. Tumeiga hata maneno.

Wala sharti hilo halikuwa peke yake. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu katika karatasi moja: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyemchagua mmoja tu, kura yake iliharibika. Hasira ilikuwa kubwa, na hasira ile ilikuwa ya haki, kwani sheria hiyo iliwapa watu wachache viti sawasawa na mamilioni. Januari 1958 mkutano wa TANU ulikutana Tabora, na wajumbe wengi walifika huko na nia ya kuususia uchaguzi. Moyo ulisema, tukatae. Lakini mkutano ulijadiliana kwa siku kadhaa, na Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie. Hoja iliyoshinda yaweza kupimwa na karani ye yote. Wakisusia, viti vitachukuliwa na chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kwa kupendelewa na Gavana Twining, na Serikali itasema hao ndio wajumbe wa nchi. Wakiingia, basi ile sheria yenyewe inampa Mwafrika kura juu ya kiti cha Mzungu na cha Mwasia. Na kwa kuwa Waafrika ndio wengi katika orodha, wao ndio watakaoamua viti vyote vitatu. Kamba iliyosokotwa ili kuwafunga yaweza kutumiwa kupandia. Si wote waliokubali. Zuberi Mtemvu alijitenga, akaanzisha chama chake, African National Congress, na hatusemi kwamba hasira yake haikuwa na msingi.

Sasa mtazameni mpiga kura wa mwaka ule. Wengi walikuwa watu kama sisi, makarani, walimu, waganga wasaidizi. Waraka wa Serikali wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi Waafrika wasiwe wanachama wa vyama vya siasa. Karani hakuruhusiwa kushika kadi ya TANU, lakini aliruhusiwa kushika karatasi ya kura, na nyuma ya pazia hapakuwa na bwana mkubwa wa kumchungulia. Alitakiwa afanye jambo gumu: amchague Mzungu na Mwasia, baada ya kuona maisha yake yote jinsi rangi ilivyoamua mshahara wa mtu na nyumba ya mtu. Kama kweli watu hufuata rangi na kabila tu, kura zile zingevurugika. Hazikuvurugika. Waliochaguliwa kwa kuungwa mkono na TANU walikuwamo Julius Nyerere, ambaye katika Jimbo la Mashariki alimshinda Patrick Kunambi, Mwafrika mwenziwe. Walikuwamo Derek Bryceson na Bibi Marion Chesham, Wazungu. Na Amir Jamal na Bibi Sophia Mustafa, Waasia. UTP kikashindwa kabisa. Watu walijua wanachokitafuta, wakatazama njia iliyopo, wakaimeza hasira, wakaenda. Hiyo ndiyo akili tuliyoieleza mwanzo.

Lakini tusijisifu upesi, sisi ukoo wa makarani. Ni nani walioieneza habari ile mitaani na kukichangia chama tangu mwaka 1955? Kati yao walikuwa wanawake wa Dar es Salaam walioitwa na Bibi Titi Mohamed, yeye mwenyewe mtu wa masomo machache ya shule. Wengi wa wanawake wale hawakuwa na darasa la kumi na mbili wala pauni 150. Walilipima jambo la nchi kabla yetu, sisi tukiwa bado twaogopa waraka; na siku ya kura ilipofika, sheria ikasema hao hawana akili ya kutosha.

Walipopewa kura, wao na wakulima na wavuvi, je, waliitumiaje? Mwaka 1965 Tanzania ilikuwa na chama kimoja huku Bara, lakini katika majimbo mengi wagombea wawili wa chama hicho walishindana, na kura ilikuwa ya kila mtu mzima. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Wako waliodhani watu watawafuata wenye vyeo, kwa kuwa mtu asiyesoma humwogopa mkubwa. Kumbe wabunge wengi waliokuwa Bungeni waliangushwa, hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa huko Mwanza. Hatusemi alistahili kushindwa; alikuwa amewatumikia wakulima wa pamba kwa miaka mingi. Twasema tu ya kwamba wachaguzi wale hawakuinamia cheo. Walitazama, wakapima, wakaamua kwa sababu zao.

Tunaye shangazi yetu kijijini, asiyejua kuandika hata jina lake. Safari moja waligombea watatu, na kila mmoja alimpitia barazani kwake. Yeye aliwauliza swali moja tu: "Mwaka ule wa njaa ulikuwa wapi, na ulifanya nini?" Wa kwanza alijibu kwa ahadi, wa pili alijibu kwa kuwalaumu wengine, wa tatu alijibu kwa kutaja majina ya watu aliowagawia mahindi, na shangazi akaenda kwa watu hao, mmoja mmoja, akahakikisha. Hakuzijua sheria za fedha wala mikataba ya nchi. Lakini alijua ya kwamba ahadi ni jambo la kesho lisiloweza kukaguliwa, na matendo ni jambo la jana lililoacha mashahidi. Mkaguzi wa hesabu hafanyi zaidi ya hapo.

Basi jibu letu kwa swali la jioni hii ni hili. Mpiga kura aweza kuamua kwa akili, asome au asisome. Na aweza kuiacha akili, asome au asisome. Twapendekeza kila mmoja wetu ajichunguze kwa maswali manne kabla ya kunyosha mkono. Natafuta nini katika uchaguzi huu? Mtu huyu amekwisha kufanya nini, na shahidi ni nani? Je, nimemsikiliza angalau mtu mmoja asiyekaa meza moja nami? Na ni dalili gani, ikitokea, itanifanya nibadili nia? Asiyeweza kujibu la nne, na ajue ya kuwa ndani yake ameketi wakili, wala si hakimu.

Yuko atakayetuuliza: je, hakuna wanaonunuliwa kwa chai? Wako. Lakini wanunuzi ni nani? Hatujamwona tarishi aliyemnunua karani. Kama twataka kuondoa ununuzi wa kura, tumkataze anunuaye. Na kama twataka watu wapime vizuri, tubandike hesabu za sanduku ukutani kila mwezi, kwa Kiswahili cha wazi, mahali ambapo kila mwanachama aweza kuziona na kusomewa. Mtu hawezi kupima asichoonyeshwa.

Kwa sababu hizo zote, Bwana Mwenyekiti, twaomba ruhusa yako kuiondoa hoja yetu mezani. Kama kanuni hazituruhusu kuiondoa, basi ipigiwe kura na wanachama wote, wenye vyeti na wasio na vyeti, nasi tutakuwa wa kwanza kunyosha mkono kuipinga. Tena twatoa badala yake hoja nyingine, iliyo fupi: kwamba yule ndugu aliyetunza fedha za chai kwa miaka tisa aombwe asimame tena kugombea utunzaji wa fedha, kama bado ana moyo wa kututumikia baada ya kicheko chetu.

Tumekosa mbele yake na mbele ya wenzake, na twaona heri kulisema neno hili hapa mbele yenu kuliko kulinong'ona mlangoni.